Koma kwenye nota za do-re-mi: sauti ya chini au kukimbiza?

Swali: Shikamoo mwalimu. Tumetumiwa wimbo wa kwaya kwa WhatsApp, umechapwa kwa simu. Kwenye alto (sauti ya pili) kuna pigo limeandikwa : s,l,t,d | yaani so, la, ti, do, sasa nusu ya alto wanasema hizo koma ni sauti za chini, nusu wanasema ni kukimbia robo robo. Mazoezi yameishia kwenye ubishi. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba. Wote mko sahihi, ndo shida yenyewe, koma moja imepewa kazi mbili.

Utaratibu aliotuachia John Curwen wa Uingereza karne ya 19 (na yeye msingi aliutoa kwa mama mmoja wa Norwich, Sarah Glover) ni kwamba nukta inakata pigo nusu kwa nusu halafu koma inaikata ile nusu tena, kwa hiyo nota nne ndani ya pigo moja zinaandikwa s,l.t,d yaani katikati lazima uone nukta. Alama ya sauti ya chini ni kitu kingine, ni kakijiti kanakaa mguuni pa herufi. Kwenye simu hako kakijiti hakapo, mtu anabonyeza koma anaendelea.

Kwenu nukta ya katikati haipo, so aliyechapa alikuwa anawaza chini. Na cheki ile d ya mwisho: kama s l t zingekuwa za kawaida, alto akitoka t angeporomoka karibu oktavu nzima (kutoka do hadi do inayofuata) kuifuata d, mtunzi gani anamfanyia alto hivyo? Zikiwa za chini, t inapanda kidogo tu inaingia kwenye d, inaimbika bila jasho. Ila na kukimbia mtakimbia, maana hapo ni pigo moja na nota ni nne, hazina pengine pa kukaa. Linganisha na soprano hapo juu yake uhakikishe.

Mimi nikichapa naandika : s1,l1.t1,d | hiyo 1 ndiyo alama ya chini, na ubishi haujawahi kurudi.

Waimbaji wa besi na wa tenor msiwajazie alama za chini kila nota, nimeona karatasi zimechafuka kama zimemwagiwa pilipili manga. Kawaida yao wanaandikiwa oktavu moja juu ya wanapoimba, d yao tupu tayari iko chini ya d ya soprano.

Na mkikuta mtu kaandika "si" badala ya t (ti), muulizeni kwanza kama do yake inahama kufuata ufunguo wa wimbo au ni nota C siku zote, maana waliosoma muziki kwa Kifaransa do yao haitoki hapo hata wimbo uwe kwenye ufunguo wa G.