Jumba la baba mkwe na mtoto wa pili

SWALI: Nimeolewa na Mwingereza, tunaishi Shropshire kwenye ardhi ya familia yake: jumba la zamani, mashamba ya ngano, kondoo, na nyumba kadhaa za wapangaji. Mume wangu ni mtoto wa pili. Tangu amalize shule amelilima shamba hilo kwa posho tu, baba yake akimwambia, "Na wewe utapata lako." Sasa mzee anaumwa, na kila mtu anasema kaka mkubwa atachukua vyote kwa sababu ndiyo sheria ya Uingereza. Ni kweli? – Z.

JIBU: Dada Z., poleni kwa kuuguza. Hiyo si sheria, ni mazoea. Zamani kweli ilikuwa sheria: mtu akifa bila wasia, ardhi yake ilikwenda kwa mwanawe mkubwa wa kiume. Ilifutwa kuanzia 1 Januari 1926. Leo mzee akifa bila wasia, mkewe akiwa hai huchukua vitu vya nyumbani, pauni 322,000 za kwanza na nusu ya kinachobaki. Nusu nyingine wanagawana watoto wote sawasawa, wa kike kwa wa kiume. Cha mkubwa peke yake ni cheo cha baroneti (heshima ya kurithi tu), kama familia inacho, na cheo hakiji na hata ekari moja.

Mbona basi ardhi hizi hazigawanyiki? Karatasi. Tangu karne ya 17 familia kama hizi zilifunga ardhi kwa hati za udhamini: baba anakula mapato maisha yake yote, kisha ardhi inapita kwa mwana mkubwa, naye vivyo hivyo. Aliyekulia Mombasa au Zanzibar kwenye nyumba ya wakfu wa ukoo hahitaji maelezo zaidi. Kuanzia 1997 haziruhusiwi hati mpya za namna hiyo, lakini za kabla ya hapo bado zina nguvu. Tena wanayo sababu: jumba linakula pesa, na kodi za wapangaji ndizo zinazoezeka paa.

Kwa hiyo chunguzeni kwanza mzee anamiliki nini hasa. Rejesta ya HM Land Registry, ofisi ya serikali inayosajili ardhi, iko wazi kwa yeyote, mtandaoni, kwa ada ndogo. Mkiona jina lake kwenye nafasi ya mmiliki msishangilie bado. Shukeni hadi kwenye vizuizi (restrictions), yaani masharti yanayombana mmiliki. Pakitajwa Settled Land Act 1925, basi yeye anaishikilia kwa uhai wake tu, na wasia wake hauigusi. Ardhi ambayo haijauzwa vizazi na vizazi huenda haijasajiliwa kabisa, na hapo hati ziko kwenye kabati la wakili wa familia.

Ikiwa ni yake huru, anaweza kumwachia amtakaye, hata asiye ndugu. Hapa hakuna mafungu kama ya faraidhi. Mtoto aliyenyimwa anaweza kwenda mahakamani chini ya sheria ya 1975, ndani ya miezi 6 tangu idhini ya mirathi itolewe, ila anachopewa ni cha kujikimu, na mtu mzima mwenye nguvu zake mara nyingi hafiki mbali.

Tumaini la mumeo naliona kwenye ile ahadi. Katika kesi ya Thorner dhidi ya Major, iliyoamuliwa mwaka 2009 na House of Lords, wakati huo mahakama ya juu kabisa ya nchi, David alifanya kazi karibu miaka 30 bila mshahara kwenye shamba la binamu ya baba yake, Peter, huko Somerset. Peter hakuwahi kutamka waziwazi "nitakuachia". Mwaka 1990 alimkabidhi karatasi ya bima ya maisha akasema hiyo ni ya kulipia kodi ya mirathi atakapokufa. Alikufa bila wasia, na David akapewa shamba. Mnapaswa kuonyesha mambo matatu: ahadi ilitolewa, mumeo aliitegemea, na kuitegemea kumemgharimu. Lakini mtu huahidi kilicho chake. Ardhi ikiwa imefungwa, dai hili hudhoofika sana. Ndiyo maana rejesta inatangulia.

Mumeo aanze leo kuandika: lini, wapi, mzee alisema nini, nani alisikia, posho ilikuwa kiasi gani, kazi gani nyingine aliikataa. Mzee akiwa na akili timamu, aombwe kuyaweka kwenye wasia sasa, bila kushinikizwa. Na msimtumie wakili wa familia. Huyo anamtumikia mzee. Tafuteni wenu.