Mtoto amemeza dawa ya kichocho skuli, mbona anakojoa damu tena?

Swali: Assalaamu aleikum, daktari. Mwanangu wa miaka 11 humeza vidonge vya kichocho kila vinapogawiwa skuli. Mara hii haijatimia miezi miwili, naye anakojoa damu tena. Dawa imeisha nguvu? Nasi kwenda bonde la mpunga hatuna budi. (Mama, Wete, Pemba)

Jibu: Waaleikumu salaam, mama. Dawa haijaisha nguvu. Prazikwanteli, yaani hivyo vidonge vya skuli, ambayo hutolewa kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, huua minyoo ya kichocho iliyokwisha kupevuka, lakini ile michanga iliyoingia mwilini wiki chache kabla haifi vyema, na ikikua hutaga mayai kama kawaida. Isitoshe, vidonge hivyo si chanjo. Mtoto aliyemeza asubuhi akenda kukoga mtoni adhuhuri anaweza kuambukizwa siku hiyo hiyo. Kwa hiyo mpeleke kituo cha afya, na mkojo utolewe baina ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, wakati mayai yanapotoka kwa wingi. Kikopo cha alfajiri huweza kutudanganya.

Sisi wa afya ya jamii hutenganisha kumtibu mgonjwa mapema na kumzuia asiugue kabisa, na hapa lililopungua ni hilo la pili. Yai la kichocho likianguka katika choo cha shimo au mchanga mkavu huishia hapo. Likianguka katika maji baridi huanguliwa, kijidudu chake kikamwingia konokono, na baada ya mwezi hivi konokono yule huanza kumwaga viluwiluwi vinavyopenya ngozi ya mtu, hasa jua likiwa la utosi. Ndiyo maana maweni, kusini mwa Unguja, ambako mito na madimbwi ni haba, kichocho hakikuota mizizi.

Basi mtoto akojoe chooni kabla ya kuteremka mtoni, na maji ya kukogea yachotwe yakae siku mbili kwenye ndoo iliyofunikwa, isiyo na konokono, kwani viluwiluwi visivyompata mtu hufa. Kujifuta upesi kwa kanga kunasaidia kidogo, lakini sikushauri ukutegemee. Ama kukwambia usiende bondeni, huo ungekuwa ushauri wa mtu asiyekula wali. Mkataba wa Ottawa wa mwaka 1986 kuhusu kukuza afya uliweka mazingira yanayomsaidia mtu sambamba na elimu anayopewa, kwa hiyo mwendeeni sheha kwa pamoja mkadai choo karibu na bonde na bomba la kufulia.

Nawe unayelima bonde hilo hilo, upimwe pamoja na mwanao. Kwa wanawake mayai hukwama pia katika sehemu za siri, yakaleta maumivu na damu isiyo ya hedhi, na wengi hutibiwa maradhi ya zinaa wasiyokuwa nayo. Mwambie muuguzi waziwazi kwamba unaingia maji ya bonde.