Jarife lililoota matumbawe: tulivute au tuliache?

Swali: Shikamoo dada. Sisi ni wazamiaji wa kujitolea hapa Tanga, tunatoa takataka kwenye miamba ya upande wa kisiwa cha Yambe. Mara nyingi tunakuta jarife kuukuu, yaani wavu mkubwa wa kuvulia, limeshaota matumbawe. Tulivute au tuliache? Halafu fomu za kuandikia taka ni za nini, wakati taka zenyewe tumeshazitoa?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Msilivute hata kidogo. Matumbawe ya mabonge hukua takriban sentimita moja kwa mwaka, na yale ya matawi hukatika kwa mvuto mmoja tu. Mkivuta, mtakuwa mmeharibu kuliko jarife lenyewe.

Anzeni na upande unaopeperuka na mkondo, maana huo ndio unaoendelea kunasa samaki na kukwangua mwamba. Mmoja akate kwa mkasi wenye ncha butu, mwenzake ashike kipande kisimzingire mkataji. Wavu hupenda sana kunasa kwenye koki ya mtungi wa hewa. Kateni vipande vifupi, mkague kila kimoja kama kina kaa au pweza mumwachie huko huko chini, ndipo mtie kwenye mfuko. Mkifika pale nyuzi zilipomezwa na tumbawe, kateni pembeni mwake na mwache zilizobaki. Hizo hazimnasi tena mtu wala samaki. Kipande kizito kinyanyuliwe kwa boya la kunyanyulia, kisifungwe mwilini mwa mzamiaji.

Chagueni siku za maji mafu, mkondo unapokuwa mdogo. Wakati wa bamvua mkondo una nguvu na mkono wa kukata hautulii. Na kwa kuwa Yambe imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, ongeeni na ofisi ya hifadhi kabla ya kuzama. Suala la majarife wanalijua vizuri: silikanti, samaki wa kale wa maji marefu, wengi waliovuliwa Tanga walinaswa na majarife ya maji marefu.

Sasa fomu, na hapa naomba unisikilize kwa makini. Ukiniambia mmetoa kilo 40, sijui kama mwamba ni mchafu au mlikuwa wengi. Niambie mahali, kina, dakika mlizokaa chini, eneo mlilopita na idadi ya wazamiaji, hapo naweza kulinganisha na mwaka jana. Mpango wa Dive Against Debris, wa wazamiaji wanaotoa na kuhesabu taka za chini ya bahari, ulioanzishwa mwaka 2011, unadai hayo hayo, na unataka mrudi pale pale kila mara. Hesabuni vitu kwa aina: nyavu, mishipi, chupa, mifuko. Msijumlishe plastiki yote pamoja, maana madhara hayafanani. Na plastiki si ya kudharau: utafiti wa mwaka 2018 uliopima miamba 159 ya Asia na Pasifiki ulikuta kwamba tumbawe lililoguswa na plastiki lina uwezekano wa kuugua wa asilimia 89, wakati lisiloguswa ni asilimia 4.

Mifuko ya rambo ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019. Je, imepungua mwambani? Mimi napenda sana kulijua hilo, na wa kutujibu ni ninyi mnaozama pale pale mwaka hadi mwaka.

Kabla ya kupima, ning'inizeni wavu uchuruzike maji na kukung'utwa mchanga, la sivyo mtapima bahari. Taka za ufukweni zisiingie kwenye hesabu hii. Mlichokiacha chini, kipigeni picha na kukiandika kando. Na siku msipokuta kitu, jazeni fomu vilevile. Sifuri ni jibu.

Jambo moja la huku kwetu: mkiona chupa au kifurushi chenye utambi, huenda ni baruti ya wavuvi haramu ambayo haikulipuka. Msiiguse, msiifunge boya. Kumbukeni mahali ilipo, pandeni juu wote, mkatoe taarifa polisi na hifadhini siku hiyo hiyo.