Mnada wa kahawa maalumu: fedha inamfikia nani?

Swali: Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wadogo wa kahawa. Tumeshauriwa tushiriki mashindano ya ubora ambayo kahawa zinazoshinda huuzwa kwenye mnada wa mtandaoni. Tunasikia bei zake ni kubwa mno. Je, mwenye miti mia tatu atanufaika?

Jibu: Ndugu katibu, atanufaika ikiwa siku ya mnada kahawa bado ni yake, au ana haki iliyoandikwa juu ya mapato yake. Hilo litangulie kabla ya alama za waonjaji, yaani wanaoonja kahawa na kuipima ubora.

Mwaka 2019 kahawa ya Elida, Panama, iliuzwa mnadani dola 1,029 kwa ratili. Elida ni shamba la familia, linachuma na kusindika lenyewe. Aliyeshinda ndiye aliyelipwa. Wakulima wadogo wengi huuza matunda mabichi kwenye kituo cha kumenya kahawa siku ileile ya kuchuma. Kituo huchanganya matunda ya watu wengi, na mnada huja miezi kadhaa baadaye. Kama hamkukubaliana malipo ya pili baada ya mnada, mkulima keshalipwa na habari yake imeishia hapo, hata kahawa ikishika namba moja.

Kwa hiyo andikianeni kabla ya msimu. Kila anayeleta matunda apewe stakabadhi yenye tarehe, kilo na namba ya loti (fungu la kahawa linalosindikwa na kuuzwa pamoja), na mgawo ukokotolewe kwa kilo hizo baada ya kutoa gharama mlizokubaliana.

Pia loti ya mnada huwa magunia machache. Tuseme asilimia 10 ya mavuno yenu imeuzwa mara tano ya bei ya kawaida: mapato yote yanapanda asilimia 40, kabla ya gharama. Si haba. Ila mkiyatoa matunda yote yaliyoiva vizuri kwa ajili ya loti hiyo, ile asilimia 90 itashuka daraja, na faida italiwa huko.

Msiposhinda, ombeni maelezo ya waonjaji. Kahawa maalumu huanzia alama 80 kati ya 100. Wakiandika ladha ya uchachu mbaya, chunguzeni muda ambao matunda yalikaa kabla ya kumenywa, na saa za kuvundika, yaani kuziacha buni zilizomenywa zichachuke ili utelezi utoke. Marekebisho hayo yatainua mavuno yote ya mwaka unaofuata, na kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Kama makubaliano hayajaandikwa, msimu huu pelekeni sampuli ikaonjwe tu.