Jibu: kwa nini buildworld hufa katikati, na kwa nini kerneli hutangulia

Mkuu, umeuliza kwa nini make buildworld yako, amri inayojenga maktaba na programu za mfumo wa uendeshaji wa FreeBSD isipokuwa kerneli, hufa baada ya saa kadhaa na kukuachia mstari wa Error code 1, ilhali msimbo chanzo umekwisha kuupakua upya mara mbili. Tena umeuliza kama kuna ubaya wa kusakinisha world (maktaba na programu hizo) pindi itakapokamilika na kuiacha kerneli, kiini cha mfumo, kwa wiki ijayo. Umesema mashine ina RAM ya gigabaiti 4 na kwamba unatumia -j8, yaani kazi nane kwa wakati mmoja, na unahofia kuiharibu mashine. Nimekuwa nikiujenga mfumo huu tangu toleo la 9, mara nyingi kwenye mashine za mtumba, na yote mawili yamenikuta, kwa hiyo nitajibu kwa kirefu.

Kupakua upya hakukukusaidia kwa sababu, kwa dalili ulizozitaja, msimbo hauna kosa. Tangu toleo la 10.0 lililotoka Januari 2014, kompaila ya mfumo (programu inayogeuza msimbo kuwa programu inayoendeshwa) kwenye mashine za aina yako ni Clang, iliyochukua nafasi ya kompaila ya GCC, nayo imejengwa juu ya LLVM, mradi mkubwa mno ulioandikwa kwa C++. Kompaila hiyo ni sehemu ya mfumo wenyewe, hivyo buildworld huijenga pamoja na vingine vyote, na baadhi ya mafaili yake hula mamia ya megabaiti za RAM kila moja yanapokompailiwa. Ukiyaachia manane yaende kwa pamoja ndani ya gigabaiti 4, kerneli hulazimika kuua mchakato mmojawapo ili wengine wapumue. Fungua /var/log/messages utafute maneno "was killed: failed to reclaim memory", kwenye matoleo ya zamani yalikuwa "out of swap space". Ukiyakuta, shuka hadi -j2, ongeza swap (nafasi ya diski inayotumika RAM inapojaa), kisha weka WITHOUT_LLDB na WITHOUT_LLVM_TARGET_ALL kwenye /etc/src.conf ili usijenge kitatuzi (programu ya kusakia makosa) usichokitumia wala uwezo wa kukompaili kwa ajili ya prosesa usizokuwa nazo. Usishawishike kuweka WITHOUT_CLANG kwa kuona kwamba itakupunguzia saa nyingi, maana siku utakapoendesha make delete-old, amri inayofuta vitu vya zamani visivyohitajika tena, kompaila yako itafutwa kwa kuwa umeutangazia mfumo kwamba huihitaji.

Inafaa pia ujue kinachoendelea wakati skrini inakimbia, kwa sababu ndipo utakapojua kosa limetokea wapi. FreeBSD si kerneli peke yake iliyokusanyiwa vitu vya watu wengine baadaye, kama ilivyo desturi ya mifumo ya Linux. Kerneli, maktaba na amri za msingi vyote hukaa katika mti mmoja, /usr/src, na huandikwa toleo moja. Kerneli iko sys, amri za mwanzo ziko bin na sbin, nyingine usr.bin na usr.sbin, maktaba ziko lib. Msimbo uliotoka nje ya mradi huwekwa contrib na crypto bila kuchanganywa na wa nyumbani, na hili humchanganya mgeni: LLVM yenyewe iko contrib/llvm-project, lakini Makefile (mafaili ya maelekezo ya ujenzi) zinazoijenga ziko lib/clang na usr.bin/clang. Ukiona kosa linataja lib/clang, usiende kusaka msimbo humo, hutaukuta.

Ujenzi wenyewe hauziamini zana zilizomo kwenye mashine yako, na una haki, kwa kuwa huenda ni za toleo la nyuma. Mistari inayoanza na >>> stage 1 ni ya kujenga zana ndogo za kuanzia, stage 3 ni kompaila ya kufanyia kazi, na stage 4 ndiyo inayojenga vichwa vya C, kisha maktaba, kisha kila kitu kwa kutumia zana hizo mpya. Vyote huwekwa /usr/obj. Saraka ya /usr/src haiguswi, na mfumo unaoutumia hauguswi kabisa hadi utakapotamka install. Kwa hiyo buildworld iliyokufa haijaharibu chochote, na hofu uliyoieleza kuhusu kuiharibu mashine unaweza kuiweka kando.

Isipokuwa umeme. Mwaka mmoja nilikuwa nikijenga kwenye mashine yenye kore mbili. Nilianza saa tatu usiku, na umeme ukakatika alfajiri. Uliporudi niliendelea kwa WITHOUT_CLEAN ili nisianze upya, ikaenda vizuri kwa dakika chache, kisha kiunganishi, programu inayounganisha mafaili ya .o yanayotolewa na kompaila, kikalalamika kwamba faili moja la .o halieleweki. Nilipolitazama kwa ls -l lilikuwa na ukubwa wa sifuri. Lilikuwa limeundwa sekunde chache kabla ya giza, data yake ikawa haijafika kwenye diski, na make ikiona tarehe yake ni mpya kuliko ya msimbo huamini kazi imekwisha. Dawa ni find /usr/obj -name '*.o' -size 0 -delete, kisha kuendelea. Mashine hiyohiyo ilikuwa na betri ya ubao mama iliyokufa, hivyo baada ya kila kukatika saa yake ilirudi nyuma miaka mingi, na kila faili jipya likaonekana ni la kale kuliko msimbo uliolizaa. Make ikawa inajenga tena kilekile ilichokwisha kujenga. Nilipoteza siku nzima kabla sijaandika amri ya date. Betri yenyewe haigharimu hata nauli ya kuifuata.

Sasa swali lako la pili. Kerneli husakinishwa kwanza, mashine huwashwa upya, ndipo world hufuata. Kerneli mpya hubeba miito ya zamani ya mfumo (maombi ambayo programu huipelekea kerneli) pamoja na mipya, na ndiyo maana GENERIC, usanidi wa kawaida wa kerneli, ina mistari kama COMPAT_FREEBSD11; programu za zamani huendelea kuishi juu yake. Kerneli ya zamani haina namna ya kuijua miito iliyobuniwa baada yake. Mei 2017 waliongeza upana wa namba za inode (utambulisho wa kila faili kwenye diski) kutoka biti 32 hadi 64, jambo lililobadilisha miito inayosoma taarifa za mafaili na yaliyomo ndani ya saraka, na mabadiliko hayo yakatoka katika toleo la 12.0 Desemba 2018. Nilipokuwa nikihamisha lango la mtandao la ofisi moja kutoka 11 kwenda 12 nilikuwa na haraka, nikaanza na installworld. Ilimaliza bila neno, kwa kuwa kabla ya kuanza hunakili amri inazozihitaji kwenye saraka ya muda na kutumia nakala hizo. Nikaandika ls. Jibu likawa Bad system call. Nikajaribu zilizomo /rescue, ambazo watu husema ni za kuokolea, nazo zikafa vilevile, kwani installworld ilikuwa imeziandika upya pamoja na zingine.

Kilichoniokoa ni kwamba kerneli mpya nilikuwa nimekwisha kuijenga. Niliwasha kwa flashi ya usakinishaji ya 12.0, nikapachika diski, nikanakili faili la kernel kutoka usr/obj/usr/src/amd64.amd64/sys/GENERIC hadi boot/kernel, nikawasha upya, kisha nikafanya make installkernel ili moduli (vipande vya kerneli vinavyopakiwa kando) nazo zilingane. Wewe kerneli hujaijenga, kwa hiyo ungebaki na world isiyoendeshwa na chochote.

Utaratibu ninaoufuata hadi leo ni kusoma faili la UPDATING kuanzia tarehe ya msimbo wangu wa mwisho, kisha buildworld na buildkernel, installkernel, kuwasha upya katika hali ya mtumiaji mmoja, etcupdate -p (amri ya kusasisha mafaili ya mipangilio ya /etc), installworld, etcupdate -B, kuwasha tena na delete-old. Hatua ya etcupdate -p watu huiruka, kisha hushangaa installworld inapokataa kwa sababu mtumiaji fulani wa mfumo hayumo kwenye orodha. Kama diski yako inatumia mfumo wa mafaili wa ZFS, tengeneza mazingira mapya ya kuwashia kwa bectl create kabla ya kugusa chochote, na ukikosea utarudi ulikotoka kwenye menyu ya kuwashia.

Endapo itakufa tena hata kwa -j2, usituwekee mistari mitatu ya mwisho. Michakato inapokwenda sambamba, ile iliyokosea huandika kosa lake mapema na mingine huendelea kuchapa mpaka nayo isimamishwe, hivyo Error code 1 ya chini huwa ni mwangwi tu. Endesha make -j2 buildworld kwa kuelekeza matokeo kwenye faili, tafuta ndani yake neno "error:" la kwanza kabisa, utuletee mistari ishirini inayolizunguka pamoja na yaliyomo kwenye src.conf yako.