Maswali na majibu: Nawafundishaje watumishi kumshirikisha mlezi?

SWALI: Mimi ni muuguzi mfawidhi wa kituo cha afya wilayani Nachingwea. Tulipata semina ya siku moja kuhusu kuwashirikisha wagonjwa na walezi. Watumishi waliipenda, lakini wiki iliyofuata tukarudi palepale: mama anaulizwa "umeelewa?", anaitikia "ndiyo", kisha mtoto anarudishwa hajamaliza dawa. Tuko wachache na hatuna fungu. Nipangeje mafunzo ya ndani?

JIBU: Hakuna aliyejua kutafuta mshipa kwa kusikiliza mhadhara, na kuzungumza na mlezi ni hivyohivyo: mtumishi hujifunza kwa kurudia huku anatazamwa. Tenga dakika 40 mara moja kwa wiki, baada ya makabidhiano ya zamu ya asubuhi, kwa wiki sita. Mhusishe mtoa dawa na mtu wa mapokezi, kwani dirisha la dawa ndipo mlezi anapoelezwa kwa mara ya mwisho.

Anzeni na mazungumzo mamoja tu. Ningechagua dawa mseto ya malaria, ALu, kwa sababu hapo makosa yanaonekana haraka. Ni dozi sita kwa siku tatu: ya pili hutolewa saa nane baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, maziwa, au uji uliotiwa karanga. Sasa mtoto amepewa ya kwanza saa 4 asubuhi, na mama ameambiwa "nyingine baada ya saa nane". Wapo watakaompa saa 8 mchana, saa nne tu baadaye. Mtumishi azoee kutaja wakati wenyewe: "Leo saa 12 jioni." Kama nyumbani hakuna saa, aseme karibu na adhana ya magharibi.

Swali la "umeelewa?" liondoke kabisa, maana mlezi hana jibu lingine la heshima isipokuwa ndiyo. Badala yake: "Mama, nimeeleza mengi kwa haraka, nataka nijue kama nimeeleza vizuri. Ukifika nyumbani, bibi yake akikuuliza dawa hii anapewaje, utamwambiaje?" Hapo anayepimwa ni mtumishi. Mama akikosea, mtumishi aeleze kwa njia nyingine, kisha aulize tena. Wengi husahihisha halafu wanamwita anayefuata, na kosa linaondoka na mama.

Mfanye mazoezi watatu watatu: mtoa huduma, mlezi na mtazamaji. Mtazamaji awe na karatasi yenye mambo manne: je, aliuliza kwanza mlezi anajua nini? Mambo aliyoeleza hayakuzidi matatu? Aliomba arudishiwe maelezo? Alisahihisha bila kukemea? Zungumzeni dakika tano, mjadili tano, mbadilishane. Mazoezi huharibika pale anayeigiza mlezi anapokuwa mwepesi mno. Mpe kikaratasi cha siri: "Wewe ni bibi, mama mtu yuko kwenye korosho, husomi na unaona haya kusema." Au: "Mtoto alitapika dozi ya jana, unaogopa kugombezwa."

Hilo la bibi ni halisi huku kwetu. Msimu wa korosho, aliyemleta mtoto mara nyingi siye atakayempa dawa usiku. Pia katika familia nyingi za Wamwera, Wamakua na Wamakonde, neno la mjomba lina uzito. Kwa hiyo waulize: "Nani atampa dawa? Nani mwingine tumweleze kuhusu rufaa?" Hali ikiwa ya dharura, tiba ya kabla ya rufaa ianze wakati mjomba anapigiwa simu. Mgonjwa mtu mzima aulizwe kwanza, akiwa peke yake, kama anataka ndugu asikie. Kwenye VVU na uzazi wa mpango, sharti hili lisilegezwe hata kidogo.

Wodini ndiko ushirika unakojengeka au kuvunjika. Mlezi hupewa kazi ya kutazama dalili za hatari: mtoto hanyonyi wala kunywa, anatapika kila kitu, ana degedege, amelegea, anapumua kwa kasi. Huambiwa, "Ukiona, niite hata usiku." Saa 9 usiku anaita, anajibiwa, "Si nimetoka hapo sasa hivi?" Hatarudia kuita, na waliolala vitanda vya jirani wamesikia. Fanyieni mazoezi jibu hilo: inuka, mtazame mtoto, hesabu pumzi dakika nzima, mwambie mlezi ulichokiona, mshukuru hata kama hakuna tatizo. Kwa maoni yangu, hili moja lina thamani kuliko mabango yote ya ukutani.

Kuanzia wiki ya tatu, alikeni walezi wawili waliokwisha kumaliza matibabu, kupitia kamati ya kituo. Walipwe nauli, waelezwe mapema wataulizwa nini, na wasilazimishwe kutaja ugonjwa wala mtumishi kwa jina. Waombeni waseme ni maneno gani hawakuyaelewa na wapi waliogopa kuuliza. Ukiiandikia halmashauri kuomba nauli hiyo, taja kwamba kushirikisha wagonjwa na familia ni mojawapo ya malengo saba katika mpango wa Shirika la Afya Duniani wa usalama wa mgonjwa, 2021–2030.

Pima kabla ya kuanza na baada ya wiki sita. Mtu ambaye hakutoa dawa asimame mbele kidogo ya dirisha na kuwauliza walezi kumi: dawa hii utampa wakati gani, hadi lini, na dalili gani itakurudisha hapa? Hesabu waliopata yote matatu. Usiulize kama wameridhika, utapewa "ndiyo" ileile. Na aliyekosea asiondoke kabla ya kuelezwa upya.