Turnbull alilipwa, na wale wa Rufiji je?

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenishika pabaya, mnivumilie nikiandika kwa kirefu. Mmeuliza hivi: riwaya za zamani za ujasusi wa wakati wa vita, mkatoa mfano wa The Thirty-Nine Steps ya John Buchan, bado zinafaa kusomwa na kijana wa leo au zimeshapitwa na wakati? Jibu la haraka ni kwamba zinafaa, tena sana. Ila mi kinachonisumbua sio kupitwa na wakati, kitabu kizuri hakiozi. Kinachonisumbua ni kwamba jasusi anapokimbia, anakimbia kwa mgongo wa nani?

Kwa ambao hawajakisoma, kisa chenyewe ni hiki. Ni Mei 1914, Richard Hannay, mhandisi wa migodi aliyepata hela zake Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, yuko London na mji umeshamchosha. Jirani yake wa ghorofa ya juu, Mmarekani anaitwa Scudder, anamjia na siri kwamba kuna watu wanapanga kumuua kiongozi wa Ugiriki ili vita ilipuke Ulaya. Siku chache baadae Hannay anamkuta Scudder kalala sakafuni, kisu kimepita moyoni. Polisi watasema ni yeye, wauaji nao wanamtaka yeye, basi asubuhi anaazima koti jeupe na makopo ya muuza maziwa, anatoka nje kama anaenda kwenye biashara zake, anapanda treni ya Scotland. Kuanzia hapo ni mbio tu, milimani, kwenye matope, ndege juu inamtafuta, mpaka mwisho pwani ya Kent kwenye ngazi zenye vidato 39 na maji kujaa saa nne na dakika 17 usiku.

Buchan aliiandika mwishoni mwa 1914, vita imeshaanza na yeye mgonjwa wa vidonda vya tumbo. Julai mpaka Septemba 1915 ikatoka kwa mfululizo kwenye jarida la Blackwood's, Oktoba ikawa kitabu. Askari wa Kiingereza waliisoma wakiwa kwenye mahandaki, na naelewa kwa nini, ni fupi, haina maneno mengi, na inakuahidi kwamba mtu mmoja mwenye akili na miguu imara anaweza kuishinda njama ya mataifa. Mwaka 1935 Alfred Hitchcock akaitengeneza filamu, akaongeza mwanamke na pingu ambavyo kitabuni havimo, na toka hapo yule mtu asiye na hatia anayekimbizwa na pande zote mbili hajawahi kutoka kwenye sinema. London waliicheza jukwaani kwa vichekesho, waigizaji wanne tu wakibadilishana nafasi zote, ikakaa miaka na miaka mpaka 2015. Na sisi tuliokulia kwenye riwaya za Kiswahili za Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, sisemi hata kidogo kwamba waliiga, ila pumzi ile unaijua, mtu yuko peke yake, saa inakimbia, na kila anayemsalimia njiani anaweza kuwa ndo adui mwenyewe.

Sasa mi hadithi hii niliisikia kabla sijaisoma. Ilikuwa Ndundu, kwenye kivuko cha mto Rufiji, masika, miaka ile kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003. Mnaoijua barabara ya kusini ya enzi zile hamhitaji maelezo: mto umefura, pantoni limesimama, malori yamepanga foleni mpaka huko nyuma kusikoonekana, tope limemeza tairi, watu wanalala chini ya chesisi, na kinamama wa pale wanapita na mihogo na samaki wa kukaanga ambao bei yao inapanda kila kukicha. Mjomba wangu alikuwa utingo wa lori la saruji na likizo ile alinibeba nikamsalimie bibi Lindi. Usiku mbu hawakuruhusu mtu alale, na mjomba alikuwa na kile kitoleo chepesi cha shule cha hadithi ya Hannay, kimechanika jalada, basi akawa anatusimulia pembeni ya moto kwa Kiswahili chake. Kwenye simulizi yake muuza maziwa akawa na baiskeli. Milima ya Scotland aliifanya kama pori la Selous. Madereva wazima, watu wenye wajukuu, wanamwambia "endelea bwana, usituache hapo".

Kipande kilichowashika kuliko vyote ni cha mtengeneza barabara. Hannay kazungukwa, hana pa kukimbilia, anamkuta mzee Turnbull anagonga kokoto kando ya njia, kichwa kinamuuma kwa ulevi wa harusi ya binti yake. Anamwambia nenda kalale, nitakushikia kazi. Kisha anajipaka vumbi usoni na shingoni, anavichafua viatu, anakata kamba moja ya kiatu na kuifunga tena vibaya kwa fundo la ovyo, anaanza kusukuma mkokoteni. Maadui wanakuja na gari, wanasimama, wanamkagua toka juu mpaka chini, mmoja macho yanatua kwenye viatu, anasema hivi viatu havikushonwa na fundi wa kijijini. Hapo mjomba alinyamaza makusudi. Dereva mmoja wa lori la korosho akapiga kelele "viatu! jamani viatu vitamuua!" na watu wakamnyamazisha kwa hasira. Hannay akajibu kwa lafudhi ya kule kwamba alipewa na bwana mmoja aliyekuja kuwinda mwaka jana. Wakaridhika, wakaondoka. Watu walipiga makofi, nakumbuka mpaka wa malori ya mbali walikuja kuuliza kuna nini.

Kulikuwa na mzee mmoja wa hapohapo aliyekuwa akija kukaa na sisi kwenye moto, siku zote kimya, tunamwamkia shikamoo anaitikia basi. Makofi yalipotulia akauliza taratibu, "Mwanangu, yule mwenye barabara yake aliyekwenda kulala, wale jamaa wangerudi wakamkuta ndani, angewaambia nini?" Mjomba akasema, "Mzee wangu, kitabu hakijasema." Mzee akatikisa kichwa. Akasema baba yake alikuwa mtu wa huku chini kwenye delta, upande wa Salale, na wakati wa vita ya Mjerumani alichukuliwa na Mzungu mmoja ampeleke kwa mtumbwi usiku kwenye vijito vya mikoko. Kazi yake ilikuwa upondo. Anauzamisha mpaka chini, anauinua, anapapasa maji yameishia wapi, anasema kwa sauti ya chini, wanasogea. Mzee aliokota fito kando ya moto, akaichomeka kwenye dimbwi lililokuwa chini ya tairi ya lori letu, akaitoa, akaweka kidole gumba pale ulowevu ulipoishia, akatuonyesha hicho kidole. Sijui kwa nini wote tulisogea kuangalia kidole cha mzee kwenye fito yenye tope, ila tulisogea. Akasema, "Mjerumani angemshika angemnyonga. Na Mwingereza asingejua hata kama amekufa." Baba yake alipewa shuka na chumvi.

Nilipokua nikaitafuta habari hii vitabuni, na ipo. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliipiga meli ya Waingereza Pegasus pale Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji. Waingereza waliizingira miezi na miezi, meli zao kubwa haziwezi kuingia kwenye maji mafupi, ramani hawana. Aliyewapatia njia ni mwindaji wa tembo Mkaburu, Pretorius, aliyepenya mikokoni akapima vina vya vijito kwa kuwatumia wenyeji. Utadhani katoka kwenye ukurasa wa Buchan, maana Hannay naye kila akibanwa anakumbuka aliyofundishwa na mwindaji wa Kikaburu, Peter Pienaar. Zikaletwa Severn na Mersey, manowari zinazoweza kupita kwenye maji mafupi, ndege zikaruka kutoka Mafia kuwaelekeza mizinga, wakajaribu tarehe 6 Julai 1915 wakashindwa, tarehe 11 wakafanikiwa, Wajerumani wenyewe wakaizamisha. Mizinga yake kumi wakaiopoa, ikaburutwa na wapagazi, ikaendelea kupigana nchi kavu. Mmoja upo Fort Jesus Mombasa, nendeni mkauone.

Julai 1915, jamani. Mwezi uleule Waingereza wanafungua Blackwood's kusoma sura za mwanzo za Hannay, huku mtoni kwetu kazi ya Hannay inafanyika kweli, kwa damu, na mi sijaona riwaya iliyoandikwa kwa upande wa mtu wa upondo. Pretorius kaandikwa, jina lake lipo. Baba wa yule mzee hayupo popote. Waliokufa kwa kubeba mizigo ya vita ile Afrika Mashariki ni makumi ya maelfu, njaa na kuhara viliwaua kuliko risasi. Ukienda kwenye sanamu la Askari pale Posta, Dar, la mwaka 1927, yeye na singe yake kasimama juu, wapagazi wametajwa kwenye maandishi ya chini, na maandishi hayohayo yanasema ukifa kwa ajili ya nchi yako wanao watalikumbuka jina lako. Nchi ipi sasa? Ya mtu wa Salale ilikuwa ipi pale?

Na naona nikiandika hivi ndo moyo unazidi kuwa mgumu kuliko nilipoanza. Kwa sababu Buchan sio mtu aliyekuwa hajui. Alifanya kazi Afrika Kusini ofisini kwa Milner, mtawala mkuu wa Kiingereza kule, 1901 mpaka 1903, akiwasaidia kuijenga himaya baada ya vita ya Makaburu. Mwaka 1917 akapewa uongozi wa idara nzima ya habari ya serikali ya Uingereza, yaani kazi ya kuuza vita kwa watu. Kwenye riwaya yake Afrika ni mahali ambapo Hannay kapatia utajiri, kapatia ujanja wa kunyata porini, kapatia na malaria, ila mtu mweusi mwenye uso na neno la kusema hayumo. Na mule mwanzoni Scudder anamwaga sumu yake kuhusu Wayahudi kwamba ndo wako nyuma ya kila kitu, baadae afisa mmoja mkubwa anasema hizo ni chuki za Scudder tu, lakini sumu imeshamwagika na kijana anayesoma haraka atameza.

Hapo nilitaka kumalizia kwa kusema basi, iacheni. Lakini nimeenda kukisoma tena kitabu kizima, sio kile chepesi cha mjomba, kabla sijatuma barua hii, na kuna kitu lazima nikiseme kwa haki. Mjomba alimwambia mzee kitabu hakijasema. Kitabu kizima kinasema. Hannay, kaumizwa na mlipuko, kapigwa na homa ya malaria aliyotoka nayo huku kwetu, anarudi alfajiri kwenye nyumba ya Turnbull. Na yule mzee mgonga kokoto anamlaza kitandani, anamuuguza siku kumi, hamuulizi hata swali moja. Siku ya kuondoka Hannay anamlazimisha apokee pesa na Turnbull anakasirika kabisa, anakuwa mkali, mpaka anapokea kwa shingo upande. Ni kurasa chache tu. Lakini hizo kurasa zinaonyesha Buchan alikuwa anajua kabisa kwamba jasusi anaishi kwa wema wa mtu mwingine asiye na faida yoyote kwenye hiyo vita. Alimpa Turnbull jina, akampa binti, akampa hasira yake. Alimpa kwa sababu ni Mskoti mwenzake, hilo naliona na linaniuma. Ila aliweza kuliona, na mwandishi anayeweza kumwona Turnbull ananifundisha mimi namna ya kumwona mtu wa upondo. Sikuipata hiyo kwenye filamu ya Hitchcock, na wala sijaiona kwenye hizi filamu za sa hivi ambazo shujaa anaharibu soko la watu kwa pikipiki na hakuna anayemlipa mwenye matunda.

Kwa hiyo kura yangu, mhariri, andikeni ndiyo, isomwe. Tena nitampa binti yangu likizo hii. Ila kwa masharti, na nayasema kwa dhati. Isomwe nzima, sio ile iliyokatwakatwa, maana kwenye kile cha mjomba zile kurasa za Turnbull kumuuguza Hannay hazikuwemo. Kwenye ukurasa wa Scudder na Wayahudi mzazi au mwalimu awepo. Na isiende peke yake mikononi mwa mtoto wa hapa, iende na habari ya Königsberg pembeni, mwaka uleule, mwezi uleule. Kama shule haina kitabu cha hiyo habari, na nyingi hazina, wapo bado wajukuu huko Kibiti, Salale mpaka Mafia waliosimuliwa na wazee wao, na kurekodi kwa simu hakuna gharama. Yule mzee wa Ndundu sikumuuliza baba yake aliitwa nani, nilikuwa mtoto na asubuhi yake pantoni lilianza kuvusha. Walio karibu na wazee wa namna hiyo waulize jina kwanza, mengine yafuate.